Raifo za milima ya Appalachia hazikutengenezwa na mzee mmoja porini

Nimetumiwa tena ile video, na safari hii imekuja pamoja na ombi la kuithibitisha. Msimulizi wake, mwenye sauti nzuri ya utangazaji, anaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka jinsi mzee wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, aliyeishi peke yake katika kibanda cha magogo, alivyochimba mawe ya chuma kando ya kijito, akayayeyusha, akafua mtutu, akaunda mtambo wa gumegume, akaangusha mti na kuchonga kitako, akachanganya baruti yake mwenyewe, kisha akaenda kuwinda kulungu bila kutoa hata senti moja mfukoni. Mwishoni anaongeza, kwa huruma, kwamba vyuma vya bunduki hiyo ni vyeusi kwa sababu mzee hakuwa na uwezo wa kununua shaba. Mimi ninatengeneza na kuhifadhi bunduki hizi za kushindilia huku mashariki ya Tennessee, na ndiyo maana jamaa hunitumia mambo kama haya. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba mti uliangushwa.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Wasomaji wengi wa nyumbani wakisikia habari za bunduki ya kushindilia hufikiria gobore, na kwa upande wa kushindilia wako sahihi kabisa: baruti hutangulia, risasi hufuata, mdeki hushindilia, kisha gumegume (jiwe la cheche) au fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa) hupeleka moto kupitia kifa, yaani kitundu kilicho nyuma ya mtutu. Tofauti iko ndani ya mtutu. Mtutu wa gobore ni laini, ilhali mtutu wa raifo ya mlimani umechongwa mifereji, kwa kawaida saba au minane, inayojizungusha taratibu, mara nyingi duara moja kwa kila inchi 48 hivi. Na kidonge cha risasi hufungwa katika kitambaa kilichopakwa mafuta ili kitambaa kiishike mifereji hiyo na kidonge kitoke kikizunguka. Hata huo ulaini wa gobore una historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha zenye mifereji na nyingine za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji na kwa baruti ya kawaida. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Asili ya raifo ya mlimani haina ubishi mkubwa, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mafundi waliohama kutoka nchi za Kijerumani walileta Pennsylvania raifo fupi na nene ya wawindaji iitwayo Jäger katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Huko, hasa katika wilaya ya Lancaster, mtutu ulirefushwa hadi inchi 40 na zaidi, na kipenyo chake kikapunguzwa. Mafundi na wanafunzi wao wakateremka na barabara kuu ya magari ya farasi iliyotoka Philadelphia, ikapita katika bonde la Shenandoah na kuishia katika nchi za Carolina. Wamoravia waliouanzisha mji wa Salem, North Carolina, mwaka 1766 walikuwa na mafundi bunduki wao, na kutoka mabonde hayo kazi ilivuka safu za milima hadi kwenye mito ya Watauga, Nolichucky na French Broad. Zingatia kwamba ujuzi huu ulisafiri barabarani, kutoka kwa bwana kwenda kwa mwanafunzi. Haukuchipuka msituni.

Nianze na mtambo, kwa sababu hapo ndipo video inapoanguka kifudifudi. Mtambo wa gumegume una bamba, nyundo yenye taya mbili za kushika jiwe, bati la pua, yaani chuma kigumu, linalochunwa na jiwe hilo ili litoe cheche, na kisahani cha baruti laini. Kwa ndani una kipande cha mviringo chenye mapengo mawili, kidole cha chuma kinachotumbukia katika mapengo hayo, na springi tatu. Springi ndiyo kazi yenyewe. Pua hufuliwa iwe nyembamba, hukunjwa, hupashwa moto hadi iwe nyekundu, huzamishwa katika mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili ugumu wake upungue kwa kiasi kinachofaa. Ukikosea kidogo huvunjika, ukikosea upande wa pili hubaki imelala. Mhunzi hodari wa mlimani aliweza kuitengeneza, na springi ya mteja ikivunjika alilazimika kuitengeneza. Lakini kuunda mtambo mzima kulikuwa ni kupoteza siku nyingi kwa kitu ambacho mwenye duka alikiuza tayari pamoja na chumvi, kahawa na misumari. Birmingham, Uingereza, ilikuwa na mitaa mizima ya watu ambao kila mmoja alifanya kipande kimoja tu cha mtambo mwaka mzima, na hakuna mhunzi duniani ambaye angeshindana nao kwa bei. Nikifungua raifo za zamani za eneo hili ninakuta jina la Ketland limepigwa kwenye bamba, na katika zile za baadaye za fataki ninakuta jina la Joseph Golcher. Mafundi wa Birmingham hiyohiyo walitengeneza pia kwa wingi bunduki za biashara zilizoshushwa katika pwani za Afrika. Na lile jiwe lenyewe, ambalo msimulizi wetu angependa lichimbwe nyuma ya kibanda? Mara nyingi lilikuwa gumegume la Uingereza, kutoka machimbo ya Brandon katika jimbo la Suffolk, au la rangi ya asali kutoka Ufaransa. Wapasuaji wa Brandon waliendelea kupasua mawe kwa ajili ya wateja wa Afrika hata baada ya majeshi ya Ulaya kuachana na gumegume.

Simdhalilishi fundi ninaposema kwamba alinunua mtambo. Seremala wa Zanzibar anayechonga mlango wa fahari hafui misumari yake ya shaba, na hakuna anayesimama mbele ya mlango huo akamwita mvivu. Kazi ya fundi bunduki ilikuwa kuichukua mitambo, mitutu na mbao zenye asili tofauti na kuzikutanisha kwa usahihi kiasi kwamba moto wa kisahani unaifikia baruti ya ndani kabla kulungu hajainua kichwa. Kukatia mtambo nafasi katika mbao, bila kuacha upenyo wa unene wa kucha, ni ustadi unaotosha kumpa mtu heshima yake bila kumwongezea sifa za kubuni.

Mtutu una habari tofauti kidogo, na hapa ninaipa video nusu ya haki yake. Mitutu mingi ya awali ilifuliwa kweli hukuhuku milimani. Bamba refu la chuma lilikunjwa kuzunguka fimbo ya chuma, likapashwa moto hadi likawa jeupe na kuanza kutoa cheche, kisha kingo zake zikaunganishwa kwa nyundo sehemu moja baada ya nyingine, kila sehemu ikiwa na upana wa inchi chache tu, huku fimbo ikichomolewa upesi kabla haijashikana na mtutu. Baada ya hapo tundu lilisafishwa kwa keekee ndefu mara nyingi, mtutu ukanyooshwa kwa jicho kwa kutazama kivuli kilivyolala ndani yake, pande zake nane zikapigwa tupa, na mwishowe ukafika kwenye benchi la mifereji. Benchi hilo ni gogo refu la mbao lililochongwa mizunguko, ambalo fundi hulivuta na kulisukuma. Mwishoni mwake kuna fimbo yenye meno madogo ya pua yanayokwangua chuma kidogo sana kwa kila mpito, na kila baada ya mipito kadhaa fundi huweka kipande cha karatasi chini ya meno ili yainuke. Ukimaliza mfereji mmoja, unageuza na kuanza wa pili.

Sasa jiulize ni nani aliyevuta mvukuto wakati fundi ameshika bamba jeupe kwa koleo na nyundo kwa mkono mwingine. Mtutu haukufuliwa na mtu mmoja. Alikuwapo mwanafunzi, au mtoto wa fundi, au mke wake, au mpigaji wa nyundo kubwa aliyelipwa kwa mahindi. Kwa sababu hiyo raifo za mlimani zinafuata koo: akina Bean wa Tennessee, akina Gillespie wa Mills River huko North Carolina. Karakana ilikuwa ya familia, na majina hayo mawili yalipita kutoka baba hadi wana na wajukuu. Zaidi ya hayo, kufua mtutu nyumbani kulipungua kadiri karne ya 19 ilivyosonga mbele. Eliphalet Remington alianza kufua mitutu huko New York mwaka 1816, na karakana yake ikawauzia mafundi wadogo mitutu iliyokuwa tayari kuvikwa mbao. Ukichomoa vile vipini vinavyoushika mtutu kwenye mbao na kuugeuza, upande wa chini, ambao hakuna aliyejisumbua kuung'arisha, hukuonyesha nyundo ya mhunzi au muhuri wa kiwanda. Nimeona wamiliki waliofedheheka kana kwamba nimegundua mzee wao alikuwa mwizi. Alinunua mtutu tu, jamani.

Watu hupenda kunijibu kwa kumtaja Wallace Gusler, fundi mkuu wa kwanza wa karakana ya bunduki ya Colonial Williamsburg, makumbusho ya mji wa kikoloni huko Virginia, ambaye alionekana katika filamu ya mwaka 1969 akitengeneza raifo nzima kwa mikono yake, mtambo, mbao na mtutu. Ninamheshimu sana, bila yeye na wenzake wengi wetu tusingejua hata pa kuanzia. Lakini alichokithibitisha ni kwamba jambo hilo linawezekana, na ni kosa la kimantiki kusema kwamba kila linalowezekana ndilo lililofanyika kila siku na watu waliokuwa na mahindi ya kupalilia.

Kuhusu chuma cha kufulia, ni kweli milima hii ina mawe ya chuma, lakini kuyageuza kuwa mapande ya kufulika kulihitaji tanuri, maji ya kusukuma nyundo nzito, makaa ya misitu mizima na wafanyakazi wengi. Mashariki ya Tennessee palikuwa na akina Embree, watengenezaji wa chuma, na mmoja wao, Elihu Embree, ndiye aliyechapisha mjini Jonesborough, mwaka 1820, gazeti la kupinga utumwa. Upande wa Virginia, katika wilaya ya Rockbridge, William Weaver wa Buffalo Forge aliendesha kazi yake kwa mikono ya watumwa weusi, na msafishaji mkuu wa chuma chake, Sam Williams, alikuwa mtumwa mwenye ujuzi ambao bwana wake hakuwa nao. Video haiwataji watu hawa. Ukimweka mzee mweupe peke yake na mlima wake, umewafuta kimyakimya wale waliovuna chuma chenyewe.

Baruti nayo ina mwenyewe, na kwa jina tunamfahamu. Mary Patton, mzaliwa wa Uingereza, aliendesha kinu cha baruti karibu na Sycamore Shoals, na masimulizi ya eneo hili humtaja kuwa ndiye aliyewapatia wapiganaji wa ng'ambo ya milima ratili zipatazo 500 kabla hawajaenda kumshinda Patrick Ferguson, kamanda wa upande wa Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, pale Kings Mountain tarehe 7 Oktoba 1780. Shura, ile chumvi ya baruti, ilichotwa katika udongo wa mapango na makaa yalichomwa popote, lakini kiberiti, yaani salfa, ambacho ni sehemu moja katika kila kumi ya mchanganyiko, kililazimika kuja kwa biashara. Madini ya risasi yalitoka katika machimbo ya kando ya mto New River huko Virginia, yaliyogunduliwa na John Chiswell mwaka 1756, mahali panapoitwa leo Austinville. Na bunduki zilizopigana siku ile? Masimulizi ya zamani yanaziita Deckard, jina lililopotoka la Jacob Dickert, ambaye alikuwa fundi wa Lancaster, Pennsylvania. Yaani hata katika vita vinavyotajwa kila mara kuwa ushindi wa bunduki za mlimani, bunduki zilizovuma zilikuwa zimesafiri kwa barabara kutoka kwa fundi wa mbali.

Biashara ilienda pande zote mbili. Russell Bean, anayetajwa katika masimulizi ya jimbo kuwa mtoto wa kwanza wa walowezi kuzaliwa katika nchi iliyokuja kuwa Tennessee, husimuliwa kuwa alipakia mashua bunduki za familia yao akateremka nazo kwa mito hadi New Orleans kuziuza. Na kabla ya hapo, kwa miongo mingi, ngozi za kulungu zilizowindwa na Wacherokee zilitoka katika milima hii kwenda bandari ya Charleston na kurudi zikiwa bunduki, nguo na vyombo. Mlima ulikuwa na wateja na wadai kama mahali pengine popote.

Sasa nifike kwenye shaba, na ninaomba uvumilivu, kwa sababu hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hoja inasema: bunduki za Pennsylvania zina bamba la kitako, tao la kulinda kifyatulio na kisanduku cha ubavuni (cha kuwekea vitambaa na mafuta) vya shaba ya njano inayong'aa; za mlimani zina vitu hivyohivyo vya chuma; kwa hiyo watu wa mlimani walikuwa maskini. Anayesema hivyo hajawahi kushika tupa.

Shaba ya njano huyeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu, joto ambalo makaa na mvukuto wa kawaida hulifikia bila taabu. Unachonga umbo moja la mbao, unalikandamiza katika mchanga, unasubu, na kesho unasubu jingine kwa umbo lilelile. Sufuria iliyotoboka inatosha kuwa malighafi. Kisha unapiga tupa chuma laini kinachokubali kila unachokiambia. Chuma cha kufua hakiyeyuki katika tanuri la mhunzi, kwani kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500, kwa hiyo hakisubiwi, na kila kipande hufuliwa peke yake kana kwamba ni cha kwanza duniani. Bamba la kitako la raifo ya mlimani limepinda kwa ukali kama mwezi mwandamo, na kulipata pindo hilo ni lazima ama ukunje na kupasha mara nyingi, ama uunganishe vipande viwili mahali pa kisigino. Tao la kifyatulio hutokana na vipande vitatu vilivyounganishwa, na ulimi wa nyuma wa mtutu hurefushwa hadi ushuke juu ya shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, na kupanda mgongo wake. Yote hayo kwa tupa, kwa saa nyingi, juu ya kitu kigumu. Mimi nikipewa agizo la raifo ya chuma natoza zaidi kuliko ya shaba, na sioni haya.

Mtu makini atanijibu kwamba mahali pasipo na fedha taslimu, saa za fundi ni rahisi kuliko shaba ya dukani, na kwa hiyo chuma kinaweza kuwa dalili ya ukosefu wa fedha hata kama kina kazi nyingi. Hiyo ni hoja ya kweli, na sitajifanya nimeivunja. Lakini tazama raifo zenyewe. Zipo zenye vyuma vyeusi kote, na juu ya mtutu kuna kibati cha fedha chenye herufi za fundi, na shavuni mwa kitako kuna mwezi mdogo wa fedha halisi. Zipo zenye kisanduku cha ubavuni cha chuma, chembamba na kilichopinda kama ndizi, ambacho kukifanya kifunike sawasawa ni adhabu. Aliyelipia hayo hakushindwa na bei ya shaba. Barabara ya kulipia ya Buncombe ilikamilika mwaka 1828, ikapitisha makundi ya nguruwe na mabehewa ya bidhaa katikati ya milima kupitia Asheville, shaba ikawa rahisi kupatikana, na bado akina Gillespie na wenzao wakaendelea kufua chuma. Na bunduki za watu maskini kwelikweli zipo pia, nami ninazipenda: hazina bamba la kitako kabisa, la shaba wala la chuma, na mahali pa kisanduku pana tundu tu lililotobolewa kwa kekee na kujazwa mafuta ya mnyama. Umaskini uliacha mbao tupu. Haukumwambia fundi akae wiki nzima akipinda chuma.

Kwa maoni yangu, sababu kubwa ilikuwa mazoea ya eneo na ladha ya wateja. Fundi bunduki wa mlimani alikuwa pia mhunzi wa majembe na bawaba, chuma ndicho kilichokuwa mkononi mwake, wateja wakaizoea sura hiyo, na wana wakarithi maumbo ya baba zao. Wenzangu wengine wanaona ushawishi wa bunduki bora za Kiingereza zilizokuwa na vyuma vyeusi; wengine wanashikilia uhaba wa shaba wakati wa vita vya uhuru, uliogeuka kuwa desturi. Hatujakubaliana, na vitabu vinavyotoa jibu moja kwa sentensi moja vinawadanganya wasomaji. Kuna hata wanaosema kwamba shaba huwaka juani na kumshtua kulungu. Kulungu huyo, inaonekana, hakuuogopa ule mwezi wa fedha shavuni.

Hadithi ya mzee aliyejitosheleza ina tarehe yake. Mwaka 1899 William Goodell Frost, mkuu wa chuo cha Berea huko Kentucky, aliwaandikia wasomaji wa miji ya kaskazini kwamba watu wa milimani ni mababu zetu tulio nao katika zama hizi, yaani watu waliobaki walivyokuwa karne zilizopita. Alikuwa akitafuta msaada wa elimu kwa ajili yao, na nia yake haikuwa mbaya, lakini picha hiyo ilipendwa mno. Ilikuwa ni wakati uleule reli na makampuni ya mbao na makaa ya mawe yalipokuwa yakiingia mabondeni, na ilifaa kuwaza kwamba watu wanaohamishwa hawakuwahi kuwa na uhusiano na dunia. Raifo ya kushindilia ilikuwa ushahidi mzuri machoni pa wageni, kwa kuwa ilikuwa ingali ikitumika. Alvin York, shujaa wa vita vya kwanza vya dunia kutoka Pall Mall, Tennessee, alikulia katika mashindano ya shabaha ya bunduki hizo. Wageni hao hawakuuliza kwa nini raifo hiyo ilidumu, ingawa jibu lake ni la uchumi mtupu: mtutu wa milimita 9 hukupa vidonge zaidi ya 100 kwa ratili moja ya risasi, wakati wa milimita 11 na nusu hukupa takriban 55, na baada ya kupiga unaweza kuikata risasi mtini, ukaisubu tena katika kalibu. Jumuiya ya kitaifa ya wapiga bunduki za kushindilia ilipoundwa mwaka 1933, baadhi ya mafundi wa kweli walikuwa wangali hai, na watu kama Hacker Martin wa Tennessee wakaubeba ujuzi huo hadi ukatufikia sisi. Kwa bahati mbaya hadithi ya mzee wa porini ilipanda gari lilelile.

Nikiri pia udhaifu wa taaluma yetu, ambao hauandikwi kwenye vibao vya maonyesho. Raifo nyingi za mlimani hazina jina wala mwaka. Tunaposema hii ni ya Bean, mara nyingi tunamaanisha kwamba umbo la kitako na tao la kifyatulio vinafanana na vya bunduki nyingine ambayo nayo iliitwa ya Bean kwa sababu kama hiyo. Koo hizi zilirudia maumbo yaleyale kwa miongo mingi, kwa hiyo umbo halikupi mwaka. Mtambo hubadilishwa: bunduki ya gumegume iligeuzwa kuwa ya fataki katika karne ya 19, kisha katika karne ya 20 muuzaji akairudisha kuwa ya gumegume ili ipate bei. Hata kipenyo hudanganya, kwa sababu mifereji ikilika fundi aliichonga upya kwa kina zaidi na kumpa mteja kalibu mpya, ikawa bunduki iliyozaliwa nyembamba inafika kwangu ikiwa pana. Kuna raifo ambazo nimeziandikia maelezo kwa uhakika wa sauti ya mnadani, ilhali moyoni nilikuwa nikisema huenda.

Kwa wale wanaoendelea kunitumia picha, basi, picha ya bunduki nzima ukutani hainisaidii. Ninahitaji upande wa ndani wa bamba la mtambo, upande wa chini wa mtutu baada ya kutolewa kwenye mbao, kifa kwa karibu, na tao la kifyatulio pale linapoungana. Msiipige msasa, msiipake rangi, na ile kutu ya kahawia iliyolala sawasawa msiitoe, kwa maana mara nyingi hiyo ndiyo rangi ambayo fundi mwenyewe aliitia. Na kabla ya kufungua chochote, ingizeni kijiti cha mbao mdomoni mwa mtutu taratibu hadi kigote, wekeni alama usawa wa mdomo, kisha mkilaze kwa nje kando ya mtutu, alama ikiwa palepale mdomoni; kama ncha haiufikii usawa wa kifa, na pamebaki inchi moja au mbili, ndani mna shehena ambayo mtu aliishindilia zamani na kusahau, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Hapo iwekeni chini mdomo ukielekea pasipo na mtu, mkamwite fundi.